Slabu ya parking imezama, niinue au nivunje?

Wakuu, slabu ya parking hapa Shinyanga imezama upande wa ukuta kama inchi 2, haijapasuka ila mvua ikinyesha maji yanasimama palepale. Fundi mmoja anasema atoboe apampu saruji chini, mwingine anataka povu la poliyurethani (kemikali inayovimba chini na kuinua slabu). Ipi?

>> Kwanza gata (mfereji wa maji ya paa) mkuu! Huo udongo wa mbuga (mfinyanzi mweusi) wa huko Shinyanga ukilowa unavimba ukikauka unanywea, ukiinua bila kuhamisha maji itazama tena.

>> Povu ni jepesi, matundu madogo na linakauka chapchap ila bei iko juu. Saruji nafuu lakini unaongeza uzito juu ya udongo uleule.

>> Kama ni kipande kidogo vunja tu, toa huo udongo, jaza moramu (udongo wa changarawe), shindilia tabaka kwa tabaka ndo umwage zege.