Pasipoti ya mtoto inaisha na kijana anakaribia miaka 18: tuombe mpya sasa au tungoje?

SafariNjema
Wakuu, salaam. Binti yangu anatimiza miaka 18 miezi minne ijayo. Pasipoti yake ni ile ya utotoni, imebakiza miezi mitano. Amepata chuo nje ya nchi na masomo yanaanza baada ya miezi minane. Mama yake anataka tuombe mpya leo leo. Mimi nasema asubiri afikishe 18 ili apate ya mtu mzima moja kwa moja, asirudi tena kupanga foleni. Nani yuko sahihi? Halafu cheti cha kuzaliwa kina majina mawili, vyeti vya shule vina matatu. Hilo nalo lina shida?

Dirisha_la_Tatu
Mkuu, kwanza angalieni kwenye tovuti ya uhamiaji ya nchi yenu utu uzima wa pasipoti unaanza umri gani, na ya aliye chini ya hapo inadumu miaka mingapi. Wengi hudhani ni 18 kila mahali. Uingereza humpa pasipoti ya miaka 10 aliyefikisha 16, na hupokea ombi hata zikibaki wiki tatu kufika umri huo. Marekani wa miaka 16 na 17 hupata ya miaka 10 pia, ila lazima afike mwenyewe na ionekane kwamba mzazi ana habari. Tena ile iliyotolewa kabla ya miaka 16 haihuishwi kwa posta, anahesabiwa kama mwombaji mpya. Ujerumani hata ukipita 18 unapewa ya miaka 6 mpaka ufike 24. Kama nchi yenu iko kundi la 16, mama mtu ameshinda, hakuna cha kungoja.

Kama mpaka ni 18, hesabu umri kwa siku ombi linapopokelewa, usitazame siku ya kuchukua kitabu. Akiwasilisha siku tatu kabla ya kutimiza miaka, tarajieni ya mtoto hata kama itatoka akiwa mtu mzima. Ulizeni pia siku inayohesabiwa ni ya kujaza fomu mtandaoni au ya kufika dirishani, maana hayo mawili yanaweza kupishana wiki kadhaa.

Sasa tazama kalenda yako. Mkingoja, anafika 18 huku imebaki miezi minne masomo yaanze, na ndani yake mna foleni tatu zinazofuatana: kitambulisho cha taifa, pasipoti, viza. Hicho kitambulisho ndicho kinachokwamisha watu. Mtoto huombewa kwa cheti cha kuzaliwa na nyaraka za wazazi. Mtu mzima, katika nchi nyingi, haombi bila kitambulisho chake mwenyewe. Foleni ya kwanza ikichelewa, zote zinasogea, na ubalozi hauanzi kushughulikia viza ya mwanafunzi bila pasipoti halali.

Kwa hiyo mimi niko upande wa mama. Ombeni sasa, hata ikitoka ya muda mfupi. Ikiwa ni ya miaka mitano inatosha shahada ya kwanza. Ila akishatimiza 18, kabla hajapanda ndege, ajiandikishe kitambulisho. Akisahau, siku ya kuomba ya mtu mzima ubalozini ataambiwa alete namba ya kitambulisho asichonacho, na hicho ni kazi kukipata ukiwa mbali.

Usiitegemee ya sasa kwa safari yoyote ya katikati. Nchi nyingi zinataka pasipoti iwe na uhai wa miezi sita, na shirika la ndege linakuzuia kaunta, hamfiki hata uwanja wa huko. Schengen (kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja) wanataka miezi mitatu baada ya tarehe ya kuondoka kwao.

HerufiKubwa
Majina yana shida, na mnapaswa kuyamaliza kabla ya kujaza fomu. Pasipoti itafuata cheti cha kuzaliwa (au kitambulisho kwa mtu mzima), haitafuata vyeti vya shule. Chuo kitaandika jina la vyeti, ubalozi utaona majina mawili hapa na matatu pale, na maswali yanaanza.

Mna njia mbili. Ama jina la tatu liongezwe kwenye cheti cha kuzaliwa kwa msajili, ama mwende kwa wakili mwape hati ya kiapo kwamba majina yote ni ya mtu mmoja. Ya kwanza ni ndefu lakini inamaliza jambo. Ya pili ni ya haraka, ila atatembea na karatasi hiyo maisha yake yote. Kama mtapita njia ya kwanza, fanyeni kabla hajachukua kitambulisho, kwa sababu kikishatoka kina kosa, unarekebisha rekodi mbili badala ya moja.

Kitabu kikitoka, msiondoke dirishani bila kusoma ile mistari miwili ya chini kwenye ukurasa wa picha. Kila mmoja una herufi 44. Mstari wa kwanza una nafasi 39 za jina: la ukoo kwanza, alama mbili za <<, kisha mengine. Jina refu kuliko hapo linakatwa, hilo ni kawaida. Tarehe zimeandikwa mwaka, mwezi, siku, kwa hiyo usishtuke kuona 080317 kwa aliyezaliwa Machi 17, 2008. Mnachotafuta ni herufi iliyorukwa au ukoo ulioingia mahali pa jina la kwanza. Tiketi ikatwe kwa mpangilio wa hapo.

Mama_Fomu
Naongezea la ridhaa, Baba. Mkiomba sasa, nyote wawili huenda mkatakiwa kusaini na kuambatisha nakala za vitambulisho. Saini zifanane na za kwenye vitambulisho hivyo, la sivyo karatasi inarudishwa. Kwa wengine wanaosoma hapa: mzazi aliyefariki anahitaji cheti cha kifo, mzazi aliyenyang'anywa malezi inahitajika amri ya mahakama, barua ya mjumbe haitoshi. Na kama mzazi mmoja hapatikani kabisa na kijana amebakiza wiki chache, hapo kweli kungoja 18 kuna faida, kwa kuwa ridhaa inakoma.

Picha nayo iwe mpya. Asitoe ya mwaka juzi; umri huu sura inabadilika haraka. Kipimo cha wengi ni milimita 35 kwa 45, Marekani ni 51 kwa 51. Asivae nguo nyeupe mbele ya ukuta mweupe, mabega yanapotea. Asijipige mwenyewe kwa simu iliyo karibu, pua inakua na masikio yanajificha. Mpigaji arudi nyuma mita moja na nusu hivi. Vichujio vya kulainisha ngozi vizimwe kabisa, na miwani ivuliwe.

SafariNjema
Asanteni sana, nimekubali yaishe, tunaomba wiki hii. Moja la mwisho: pasipoti ya zamani ina viza ya Marekani ambayo haijaisha. Nayo inakufa?

Dirisha_la_Tatu
Haifi. Pasipoti ya zamani wataitoboa au kuikata kona. Waambie mapema kwamba mna viza ndani, wasiharibu ukurasa huo, na muiombe irudi. Viza ya Marekani iliyo hai hutumika kwenye kitabu cha zamani ikiambatana na kipya, akionyesha vyote viwili. Asiichomoe kamwe. Lakini kibali cha mtandaoni kama ESTA ya Marekani (cha wanaoingia bila viza) kimefungwa kwenye namba ya pasipoti, hicho anaomba upya.

Waandikieni pia chuo namba mpya ikitoka. Kama ni Uingereza, CAS yake (uthibitisho wa chuo unaotumika kuombea viza) hubeba namba ya pasipoti, ni rahisi kuirekebisha kabla ya ombi la viza kuliko baada.

Na saini ni yake, mtu mwingine asimsainie. Achague moja anayoweza kuirudia.