Tupeane uzoefu: flu ikiingia nyumbani mnafanyaje?

Wadau habari zenu. Huku Kampala mvua zimerudi na kila taksi unayopanda ni kikohozi tu, kondakta anapiga chafya kiganjani, halafu kiganja hichohicho ndo kinakurudishia chenji. Watoto wangu wote wako chini. Kila mtu aseme yake yaliyomkuta, sio ya kusikia. Mliipatia wapi na mlijitibu na nini?

Mama Jinja: Pole sana mwaya. Kwangu aliileta mwanangu wa bodingi alipokuja likizo. Kafika mzima, anacheka, anakula posho na maharage sahani moja na wadogo zake, kesho yake homa, haijapita siku tatu nyumba nzima tunakohoa. Nesi akaniambia mtu anaweza kuambukiza kuanzia siku moja kabla hajaumwa, so kumtenga alipoanza kukohoa tulikuwa tumechelewa kwa wale wadogo, ila kwa bibi yao ilisaidia, tulimlaza chumba kingine, madirisha wazi. Tiba ilikuwa kulala, uji mwepesi, maji mengi, na panadol kwa uzito wa mtoto. Aspirini kwa watoto hapana kabisa.

Dereva wa taksi: Mi nabeba watu 14, tone la kwanza la mvua tu kila mtu anasukuma kioo kukifunga. Ukimwambia acha nafasi kidogo anakujibu "unataka nipate flu?" Jamani si anayo huyo anayemkoholea kisogoni! Mvua haina kirusi, kirusi kinatoka kwa mtu.

Bombo mjini: Sisi kwetu ni tangawizi, ndimu, kitunguu saumu na asali, na siachi, koo inalainika. Ila tusidanganyane, haiui kirusi, inakupa nafuu mwili ukipambana wenyewe. Asali usimpe mtoto chini ya mwaka mmoja. Kujifukiza majani ya kalitusi kwa watoto pia mi sitaki, sufuria la maji ya moto na mtoto chini ya blanketi moja, hapana.

Fundi Arua: Huku kwetu homa yoyote kwanza tunatoboa kidole tupime malaria, maana mwanzo zinafanana sana, kichwa, viungo, baridi. Ikitoka hamna malaria ndo naanza kufikiria flu. Duka la dawa moja muuzaji hakuuliza hata nasikiaje, kanifungia amoksilini kwenye karatasi, eti "ya flu". Hiyo ni ya bakteria, flu ni kirusi, nikamrudishia.

Mama Jinja: @Fundi umesema kweli. Na pale Entebbe taasisi ya utafiti wa virusi wanapima sampuli za flu, kuna aina A na B, na zinabadilika, ndo maana mtu anaugua tena mwaka mwingine.

Dereva wa taksi: Sasa hospitali mnakimbilia lini?

Mama Jinja: Akipumua harakaharaka, kifua kikiuma, midomo ikibadilika rangi, mtoto akikataa kunywa au akilegea, au homa ishuke halafu irudi kali zaidi. Mjamzito, mzee, mwenye pumu, selimundu au VVU, mi hata sisubiri hayo.

Bombo mjini: Na angalieni hivi vidonge vya mafua vya mchanganyiko, vingi vina panadol ndani tayari, kwenye boksi inaandikwa paracetamol. Mtu anameza hivyo na panadol juu yake. Mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya 500 mg kwa saa 24, ini litaumia. Soma boksi kwanza.