Maji ya paa la ghorofa 8 Kariakoo: matangi mangapi ili mtaa usifurike?

mtaro_wazi: Wakuu, kuna jengo la ghorofa 8 Kariakoo, paa la zege mita 20 kwa 20. Mabomba ya inchi 4 yanamwaga yote kwenye mtaro wa barabara, na masika mtaro unafurika dakika chache tu mvua ikikolea. Mwenye jengo yuko tayari kuweka matangi ya lita 5,000. Yawe mangapi na yafungwe vipi?

hesabu_ya_maji: Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Kwa hiyo mvua ya milimita 100 kwa saa kwenye paa la mita za mraba 400 inaleta lita 11 kila sekunde. Ikidumu nusu saa, lita 20,000. Unganisha matangi chini kwa chini ili yajae pamoja, kisha acha njia moja tu ya kutokea: tundu la milimita 40 chini, la kumwaga mtaroni. Kina cha maji tangini kikifika mita 1.8 linatoa kama lita 4.5 kwa sekunde, na wastani wakati maji yanapanda ni lita 3. Nusu saa hiyo zitatoka lita 5,400, zibaki 14,600. Matangi matatu, basi. Mvua ikikata yanakauka kwa saa mbili hivi.

Tafadhali usiweke koki kwenye tundu hilo. Mtu ataifunga kiangazi ahifadhi maji, na masika itayakuta matangi yamejaa tele.

mtaro_wazi: Ahsante mkuu. Mwenye jengo anataka maji hayo yatumike vyooni pia.

hesabu_ya_maji: Aongeze la nne, liwe la kwanza kupokea. Likijaa ndipo limwagie yale matatu. Tangi lililojaa halipunguzi mafuriko hata kwa lita moja.

fundi_paa: Naongeza yanayoharibu kazi. Matangi yakae chini, si juu ya paa: matatu yakijaa ni tani 15. Yainuliwe juu ya kina cha mtaro ukiwa umejaa, la sivyo tundu litatoa kidogo tu, au maji ya mtaro yarudi ndani. Ukiyaweka chini ya ardhi utategemea pampu, na umeme hukatika mvua hiyohiyo.

Bomba la mvua likiziba chini, maji yanasimama ndani yake hadi juu. Mita 24 za ghorofa 8 ni presha ya baa 2.4. Bomba hafifu la maji taka litafumuka kwenye maungio. Tumia la presha, na kona ya chini iwe mbili za nyuzi 45, zifungwe vizuri ukutani.

Kabla ya matangi jenga chemba ya kutuliza mchanga, yenye wavu wa matundu ya milimita 10, mpana, unaong'oleka kwa mkono. Mfuko mmoja wa plastiki unatosha kuziba tundu la 40. Juu ya matangi weka bomba la ziada la inchi 4 la kumwaga yakizidi. Kwenye ukingo wa paa toboa matundu ya dharura sentimita 5 juu ya zege, maana sentimita 10 za maji yaliyotuama hapo ni tani 40.

Na kama kuna kibaraza kipana ghorofa ya kwanza, kihesabu kwenye eneo linalopokea mvua, pamoja na nusu ya ukuta unaokielekea: mvua ya upepo hupiga ukuta ikateremka yote hapo.