Wa Kisauni: siku nne za Alabama, Marekani

Faraj: Assalam aleikum nyote. Tiketi nimeziona, mashallah. Mwatua Birmingham Jumatano usiku, Alhamisi yote mtalala maana mwarudi nyuma saa nane, kisha tuna siku nne za kutembea. Kila mtu aseme atakalo sasa, nisije nikalaumiwa uwanja wa ndege.

Nasra: ROKETI 🚀🚀

Mama Nasra: Mimi bahari. Nasikia kuna mchanga mweupe kama sukari.

Swaleh: Shangazi! Utoke Nyali, upande ndege mbili, ukaangalie bahari?

Mama Nasra: Nyamaza wewe, safari si yako.

Faraj: Bahari ipo Shangazi, ila jimbo lina kipande kidogo tu cha pwani, kule chini kabisa kwenye Ghuba ya Mexico. Na joto la mwezi wa nane ni lile lile la kwetu. Usije na makoti.

Ami Rashid: Waaleikum salaam. Mimi nataka Tuskegee. Chuo kile alianza nacho Booker T. Washington mwaka 1881, mtu aliyezaliwa mtumwa. Tena kina mkono wake hapa kwetu. Tom Mboya, mwanasiasa wetu, alipozunguka Marekani mwaka 1959 kuwatafutia vijana nafasi za masomo, Mchungaji Martin Luther King, yule mpigania haki za weusi, alikubali kusaidia gharama za kijana wa Kenya aliyekuwa akisoma Tuskegee, na kanisa lake la Montgomery likachangia. Nilifundisha miaka thelathini na moja nikilieleza darasa jambo hilo bila kupaona.

Swaleh: Ami, si huko ndiko alikokuwa yule mtu wa njugu?

Ami Rashid: George Washington Carver. Aliwahimiza wakulima wapande njugu kwa sababu pamba ilikuwa imeinyonya ardhi. Kisha akaja mdudu anayetoboa vitumba vya pamba akamaliza mashamba. Mji mmoja unaitwa Enterprise ulihamia njugu, ukatajirika, na mwaka 1919 ukamjengea yule mdudu mnara wa shukrani katikati ya barabara.

Swaleh: Mnara wa MDUDU?

Faraj: Upo, nimeupiga picha. Mama wa Kigiriki kainua mikono, juu kabeba mdudu mkubwa kama paka. Na njugu za kuchemsha zauzwa kando ya barabara kama kwetu, ila wao chumvi wametia isiyo na hesabu.

Mama Nasra: Chakula je? Nasikia watu wa huko ni nguruwe asubuhi na jioni.

Faraj: Mikahawa ya nyama choma ni hivyo hasa, tutaipita mbali. Nimewawekea kuku halali kwenye friza.

Ami Rashid: Turudi kwenye Montgomery.

Faraj: Ndiyo Ami. Hiyo ni Ijumaa. Ni kama Mombasa kwenda Voi, saa moja na nusu. Ntawasimamisha kwenye ngazi za bunge la jimbo, kuna nyota ya shaba imepachikwa chini. Hapo ndipo Jefferson Davis alipoapishwa tarehe 18 Februari 1861 kuwa rais wa majimbo ya Kusini yaliyojitenga ili yabaki na watumwa wao. Basi ukiwa umesimama pale pale juu ya nyota, tazama chini ya barabara. Mtaa mmoja tu kuna kanisa dogo la matofali mekundu. Ndilo la King, alianza uchungaji hapo mwaka 1954. Na mwisho wa barabara hiyo hiyo kuna uwanja walikokuwa wakiuzia watu, na hapo ndipo Rosa Parks, yule mama mweusi aliyekamatwa kwa kukataa kumwachia mzungu kiti, alipopandia basi tarehe 1 Desemba 1955. Yote barabara moja. Mara ya kwanza nilitembea juu na chini mara tatu, nikidhani nimesoma ramani vibaya.

Ami Rashid: Weusi wa Montgomery wakagoma mabasi siku 381.

Swaleh: Siku 381 kwa miguu! Sisi matatu zikigoma siku mbili twalia kwenye kikundi hiki hiki.

Mama Nasra: Wewe ndiye uliyelia.

Faraj: Montgomery kuna na ule ukumbusho wa weusi waliouawa na makundi ya watu, wakanyongwa mitini. Ulifunguliwa mwaka 2018. Shangazi, huo nakwambia mapema, si mahali pa kupita mbio. Ni masanduku marefu ya chuma chenye kutu, zaidi ya 800, kila kaunti na lake, na majina yamechorwa. Mwanzo yako usawa wa macho, wasoma jina moja moja. Sakafu yateremka polepole, hujui kama wateremka. Ukija kushtuka, masanduku yananing'inia juu ya kichwa chako, nawe shingo umeinua kama waliokuwa wakitazama siku ile. Kwengine hakuna jina, pameandikwa tu "hajulikani".

Mama Nasra: La ilaha illallah.

Nasra: mama asema atakwenda lakini mumshike mkono

Faraj: Kisha jioni Selma. Daraja la Edmund Pettus, la tarehe 7 Machi 1965. Lina mgongo, lapanda katikati. Waandamanaji waliodai haki ya kupiga kura hawakuwaona polisi hadi walipofika juu kabisa, na upande wa pili wamejipanga na virungu na gesi. Wiki mbili baadaye wakarudi, wakatembea kilomita 87 hadi zile ngazi zenye nyota. Agosti mwaka huo huo sheria ya haki ya kupiga kura ikatiwa sahihi.

Ami Rashid: Na Pettus alikuwa jenerali wa hao hao waliopigania utumwa. Jina lake bado liko juu ya daraja.

Swaleh: Lingekuwa la kwetu lingeshabadilishwa jina mara nne.

Faraj: Jumamosi Mobile, na Shangazi ataona maji. Pia tutapita Africatown. Mwaka 1860, miaka 52 tangu kuleta watumwa kupigwe marufuku, tajiri mmoja anaitwa Meaher alituma jahazi Clotilda hadi Dahomey, Benin ya leo, likarudi na watu kama 110. Wakalichoma moto kuficha ushahidi. Mabaki yalithibitishwa mwaka 2019. Vipande vya mbao vimewekwa ndani ya maji, vyeusi kama mkaa, vikitolewa vitaharibika.

Nasra: bibi yuko hapa nimemsomea. asema niandike kama anavyosema:
"Faraj mwanangu, hao watu wa jahazi walirudishwa kwao?"

Faraj: Hawakurudishwa Bibi. Vita vya Kusini na Kaskazini vilipoisha mwaka 1865, utumwa ukafutwa, waliomba warudishwe, nauli ikawashinda. Mmoja wao, Kossola, akamwendea Meaher akamwambia, basi tupe ardhi. Akakataa. Wakafanya kazi za vibarua wakaweka senti, wakanunua, na nyingine wakainunua kwa huyo huyo Meaher. Wakajenga mji wao, ndio hiyo Africatown. Kossola alikufa mwaka 1935.

Nasra: bibi: "Wameuziwa na aliyewaiba! Hiyo ni kama Kengeleni yetu. Ile kengele ya Frere Town, mji wa watumwa walioachiwa huru, tumecheza chini yake, wazee walitwambia ilipigwa majahazi ya watumwa yakionekana. Wenzetu wale wengine hata hawakujua walitoka sehemu gani ya bara. Huko kuna wajukuu?"

Faraj: Wapo Bibi, wanaishi hapo hapo.

Nasra: bibi: "Basi wasalimie. Waambie kwa watu wa Kengeleni."

Ami Rashid: Nitawaambia mimi, inshallah.

Faraj: Jumapili Tuskegee ya Ami, twarudi. Jumatatu Huntsville ya Nasra: wana Saturn V ya kweli, aina ya roketi iliyopeleka watu mwezini, mita 110, imelazwa ndani ya jumba waipita chini yake.

Nasra: kwa nini roketi iko MWISHO

Mama Nasra: Kwa sababu hukulipa tiketi. Faraj, halwa nibebe kilo ngapi?

Faraj: Tatu.

Swaleh: Beba tano, Ami anakaa kiti cha karibu yako.