Tupeane uzoefu: sehemu na namba mchanganyiko zimewahi kukuingiza hasara kwenye kikokotoo?

Mleta mada (fundi cherehani)
Habari zenu wadau. Mwaka jana nilipewa kazi ya kukata riboni za mahafali ya chekechea. Watoto 70, kila riboni inchi tano na nusu. Rola ina yadi 10, yaani inchi 360. Nikaazima kikokotoo cha mwanangu wa sekondari, nikabonyeza 360 ÷ 5 + 1 ÷ 2. Kikaleta 72.5, nikanunua rola moja nikiamini mbili zitabaki za akiba. Zikatoka 65! Jirani asingekuwa na kipande cha riboni nyekundu, watoto watano wangesimama mbele ya wazazi wao bila kitu kifuani. Iliniuma sana.

Mwanangu ndiye aliyenifumbua macho: mashine ilifuata MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa), ikagawa 360 kwa 5 kwanza, ile nusu ikaja kujumlishwa mwishoni. Ilitakiwa mabano, 360 ÷ (5 + 1 ÷ 2). Leteni na yenu, hasa mnaojua kitufe cha sehemu.

Mwalimu wa hesabu
Pole fundi. Kwenye Casio fx-82MS kitufe chenyewe kimeandikwa a b/c. Tano na nusu unaingiza hivi: 5, a b/c, 1, a b/c, 2. Kiooni inasomeka 5⌟1⌟2, na mashine inaichukua kama namba moja, hivyo mabano huyahitaji. Hesabu yako ingetoka 65⌟5⌟11, yaani riboni 65 na kipande. Ukibonyeza a b/c tena unapata desimali. Ukianza na SHIFT unapata sehemu guni (namba ya juu kubwa kuliko ya chini), 720⌟11. Casio za aina ya ES zina kitufe cha viboksi viwili vilivyopandana, na kwa namba mchanganyiko lazima utangulize SHIFT. Jibu linageuzwa desimali kwa S⇔D.

Mdau wa Tanga
Yangu ni ya mirathi ya Kiislamu. Baba yangu mdogo alifariki akaacha mjane, mama yake mzazi, mtoto wa kiume na wa kike. Mjane ana thumni (moja ya nane), mama ana sudusi (moja ya sita), kinachobaki ni cha watoto, wa kiume mafungu mawili na wa kike moja. Baada ya madeni na gharama za mazishi zilibaki shilingi 7,200,000.

Kijana wa ukoo akashika simu. Thumni akaifanya 0.13, sudusi 0.17. Mjane akaandikiwa 936,000, bibi (yule mama wa marehemu) 1,224,000. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo, alikuwa anafupisha tu. Lakini hapo yatima wamepungukiwa 60,000, na haki ya yatima haifupishwi. Mzee mmoja aliyekuwa kimya muda wote akasema, "Mwanangu, thumni ni kugawa kwa nane. Gawa kwa nane." Tukaanza upya: mjane 900,000, bibi 1,200,000, mtoto wa kiume 3,400,000, wa kike 1,700,000. Nikahakiki kwa a b/c: 1⌟8 + 1⌟6 ikaleta 7⌟24, watoto wana 17⌟24. Jumla ikakaa sawasawa hadi shilingi ya mwisho. Tangu siku hiyo sigeuzi sehemu kuwa desimali kabla sijafika mwisho.

Mwanafunzi, Kenya
Kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, tunaruhusiwa kikokotoo, ila yapo maswali yanayosema wazi usikitumie, kwa hivyo mkono lazima ujue KDS (kigawe kidogo cha shirika). Kwenye mazoezi nilipoteza alama kwa hasi mbili na nusu kipeo cha pili. Sikuweka mabano, nikapata hasi 6¼. Jibu ni chanya 6¼.

Mpishi wa keki
Sisi wenye vikokotoo vya dukani, visivyo na mabano, tufanyeje? Changu nikiandika 2 + 1 ÷ 4 kinaleta 0.75, kwa sababu kinakwenda hatua kwa hatua kama ulivyobonyeza. Nimezoea kuanza na sehemu: 1 ÷ 4 + 2, hapo 2.25 inakuja. Juzi nilikuwa naongeza keki mara moja na nusu, unga vikombe viwili na robo, nikaendelea × 1.5, ikawa 3.375. Nilibaki naitazama hiyo .375. Kikombe changu hakina desimali.

Mleta mada
Dada, hiyo .375 zidisha kwa 8, unapata 3, yaani thumni tatu: jaza robo moja, halafu nusu ya robo. Mimi kwenye tepu nazidisha kwa 16, maana kila inchi ina mistari 16, napata mstari wa sita.

Mwalimu, asante sana. Mahafali ya mwaka huu watoto ni 70 vilevile. Nimebonyeza 5⌟1⌟2 × 70, imeleta 385. Nimenunua rola mbili.