Naomba ushauri: Baba ana Parkinson, ndugu wanataka tumpe mafuta ya bangi

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Niko Masasi, namuuguza baba mwenye Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta mtetemeko na kukakamaa mwili. Anatumia vidonge vya levodopa na carbidopa. Vikishika, anatembea mwenyewe mpaka kwenye mikorosho yake na kurudi. Shida ni pale vinapoisha nguvu kabla ya saa ya kidonge kingine: mkono wa kulia unatetemeka hadi uji unammwagikia kifuani, na miguu inaganda mlangoni kama imepigiliwa misumari. Inaniuma sana kumwona hivyo.

Sasa binamu yangu aliyeko Kanada, ambako bangi ya tiba inaruhusiwa tangu 2001, anasisitiza tumpe mafuta yake. Namwelewa, anampenda mjomba wake. Lakini hapa kwetu ni kosa la jinai, na tafiti zilizopo ni ndogo, hazijathibitisha kuwa inapunguza mtetemeko. Kinachonitisha zaidi, inaweza kushusha presha mtu akisimama na kumletea maruweruwe. Baba tayari anashikwa na kizunguzungu akiinuka kitandani.

Hilo nimelikataa. Waliowahi kuuguza mgonjwa wa hivi, naomba mniambie: daktari aliwapangia upya saa za vidonge, au aliongeza dawa nyingine? Kutenganisha kidonge na samaki au maharage kuliwasaidia, maana protini hupunguza ufyonzwaji wa levodopa? Na huku Mtwara mazoezi ya viungo mnayapata wapi, kabla sijajipanga kwa safari ya Muhimbili?