MREJESHO: Yule wa TB, chumba cha uani Bagamoyo

Wakuu, mwezi uliopita niliwauliza nishike nini usiku, maana nimetengwa na hofu inanikaba kuliko kikohozi. Wengi mlisema Zaburi 91. Nisiwadanganye, ule mstari wa tauni gizani ulinitisha zaidi! Kilichonishika ni ya 88, inayoishia gizani kabisa. Kumbe hata kulalamika ni kusali. Basi nikalalamika.

Mama mkwe akawa anakaa nje ya dirisha na rozari, kanga puani, tunapokezana Salamu Maria hadi asinzie yeye kwanza.

Daktari kasema siambukizi tena. Vidonge bado, mpaka miezi 6 itimie. Jumapili nilifika Misheni ya Wakatoliki hapa Bagamoyo, ile iliyoanzishwa 1868, nikakaa benchi la nyuma karibu na mlango.